Kumjua Muuaji Si Kumthibitisha: Jibu kwa Wasomaji wa Jinja

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mjini Jinja. Tuko wasomaji tisa, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana nyumbani kwangu kujadili riwaya za upelelezi, lakini kila mara tunaachana tumegombana. Mzee mmoja, askari polisi mstaafu, husema alimjua muuaji tangu sura ya tatu, kwa hiyo kitabu hakifai. Tena hulalamika kwamba polisi wa vitabuni hawafanyi kazi kama polisi wa kweli. Mama mmoja husema mwandishi alitudanganya. Vijana wetu wawili husema kitabu kisicho na risasi wala mbio za magari kinachosha. Nitajuaje maoni yapi yana uzito, na nitawaongozaje watu hawa bila kumvunjia mtu heshima?"

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimefurahi kusikia kwamba watu tisa wanaacha shughuli zao za Jumamosi kwa ajili ya kitabu. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu naamini kwamba riwaya ya upelelezi ndiyo aina ya fasihi ambayo maoni ya msomaji yanaweza kupimwa kwa haki kuliko nyingine zote. Mtu akisema shairi halikumgusa moyo, hatuna la kumjibu. Akisema fumbo halikufumbuliwa sawasawa, tunaweza kufungua kurasa tukamwonyesha, au yeye akatuonyesha sisi.

Nianze na nakala moja iliyoharibika. Nilipokuwa kijana nilinunua katika soko la Owino, hapa Kampala, riwaya ya upelelezi ya Kiswahili iliyokuwa imeshonwa upya kwa uzi mweusi. Nilikuwa nikiisoma usiku kwa mwanga wa tadooba, na nilipofika mahali ambapo mpelelezi amewakusanya watu wote sebuleni, amefunga mlango na anajiandaa kusema, niligeuza ukurasa nikakuta jalada. Kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofoka zamani. Hasira ilipopoa nilichukua daftari, nikarudi sura ya kwanza, nikaandika jina la kila mhusika na kila alichokisema tangu maiti ilipopatikana. Kazi hiyo ilinichukua siku tatu, na mwishowe niliandika jina la mtu mmoja kwa herufi kubwa: mpwa wa marehemu. Alikuwa mkorofi, alikuwa na madeni, na alikuwa na haraka ya urithi.

Ulipita karibu mwaka mzima kabla sijapata nakala kamili kwa rafiki yangu mmoja wa Bombo, nami nikaifungua sura ya mwisho nikiwa bado nimesimama mlangoni kwake. Muuaji alikuwa mpwa. Furaha yangu ilidumu kurasa mbili tu, kwa kuwa mpelelezi hakumtia hatiani kwa ukorofi wala kwa madeni. Watu wengine wawili katika kitabu kile walidaiwa kuliko yeye. Alimtia hatiani kwa sentensi moja. Matangani, kabla maiti haijaletwa nyumbani na kabla mtu yeyote hajaeleza ilivyokutwa, mpwa alikuwa amesema huku akilia: "Maskini mjomba, amekufa hata viatu hana." Sentensi ile nilikuwa nimeinakili kwa mkono wangu mwenyewe katika daftari, chini ya jina lake, na sikuiona.

Tangu hapo nimejifunza kutenganisha kukisia na kufumbua. Mzee wenu anaposema alimjua muuaji tangu sura ya tatu, simtilii shaka. Katika riwaya yenye watuhumiwa watano, wasomaji tisa wakikisia ovyo, ni jambo la kawaida mmoja au wawili wapatie. Tena msomaji mzoefu huwa amezijua desturi za waandishi: anajua kwamba mtu anayeshukiwa na wote mwanzoni kwa kawaida hana hatia, na kwamba mhusika mpole aliyepewa nafasi kubwa katika hadithi bila kazi ya kuonekana amewekwa pale kwa sababu. Huko ni kumsoma mwandishi badala ya kuisoma kesi. Ni ujuzi, nami nauheshimu, lakini hautoshi kukihukumu kitabu.

Mzee huyo, kwa kweli, ndiye anayeweza kuwaeleza wenzake tofauti hii kuliko mtu mwingine yeyote katika kikundi, kwa sababu ameiishi kazini. Mwaka 1958 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Simoni Musoke iliyotoka hapa Uganda, iliieleza kanuni ambayo majaji wetu huitaja hadi leo wanapoamua kesi zisizo na shahidi wa macho. Kanuni hiyo inasema kwamba, ili mtu atiwe hatiani kwa ushahidi wa mazingira peke yake, mambo yanayomwelemea ni lazima yawe hayapatani kabisa na kutokuwa na hatia kwake, na yasiweze kuelezwa kwa njia nyingine yoyote ya busara isipokuwa kwamba ametenda kosa. Katika miaka yangu yote ya kufundisha fasihi sijaona kipimo cha riwaya ya upelelezi kilicho bora kuliko hicho, ingawa walioitamka hawakuwa na habari na riwaya. Madeni ya yule mpwa yalipatana na hatia yake, lakini yalipatana vilevile na kutokuwa na hatia, kwa kuwa watu wengi wana madeni na hawaui. Maneno yake kuhusu viatu hayakuwa na maelezo mengine ya busara: ama aliambiwa na mtu, na kitabu kilikuwa kimeonyesha kwamba hakukuwa na wa kumwambia, ama aliiona maiti.

Kwa hiyo, mkutano ujao, waombe wasomaji wote wafunge kitabu wakifika robo tatu yake, yaani kabla ya mpelelezi kuanza kueleza, na kila mmoja aandike karatasi moja. Aandike jina la anayemshuku. Chini yake aandike maneno au vitu vinavyomfanya amshuku, kila kimoja na namba ya ukurasa wake. Kisha, na hii ndiyo sehemu ngumu, aandike kwa kila kimoja ni nani mwingine katika hadithi ambaye jambo hilohilo lingeweza kumhusu. Karatasi zitiwe katika bahasha, bahasha ifungwe, na isifunguliwe hadi wote wamemaliza kitabu. Nimewafanyisha wanafunzi wangu zoezi hili mara nyingi, na kila mara hutokea jambo lilelile: wanaopata jina ni kadhaa, lakini wanaopata jina pamoja na ukurasa sahihi ni mmoja, pengine hakuna. Yule aliyekosea jina lakini akaorodhesha vidokezo vitatu vya kweli amesoma vizuri kuliko aliyepatia jina bila ukurasa, na ni haki asikike kwanza.

Sasa nije kwa mama anayesema mwandishi aliwadanganya. Lalamiko lake ndilo zito kuliko yote, na ningependa mlipe muda mwingi, kwa sababu linagusa ahadi ambayo mwandishi wa fumbo humpa msomaji. Ahadi hiyo haikuzaliwa Ulaya. Sisi tunaijua tangu utotoni. Mtu akisema "Kitendawili!" nasi tukajibu "Tega!", au jioni kwa Waganda mtu akisema "Koyi koyi" na watoto wakaitika "Lya!", wote tunajua kwamba mtegaji anaruhusiwa kuficha lakini haruhusiwi kusema uongo. "Nyumba yangu kubwa haina mlango," anasema, na tukishindwa tunampa mji, naye anatoa jibu: yai. Papo hapo tunalipima jibu kwa maneno aliyoyatega. Ni nyumba kweli, maana kiumbe hukaa ndani yake. Haina mlango kweli. Tunakubali tumeshindwa kwa haki. Lakini akisema jibu ni gari, watoto wote watapiga kelele, na mji aliopewa watamnyang'anya.

Mwaka 1929 padre mmoja wa Kikatoliki wa Uingereza, Ronald Knox, ambaye mwenyewe aliandika riwaya za upelelezi, alitoa kanuni kumi za haki hiyo. Baadhi zimechakaa, lakini tatu kati yake bado ningeziandika ubaoni: mhalifu awe ametajwa mapema katika hadithi, mpelelezi asitumie kidokezo ambacho msomaji hakuonyeshwa, na nguvu zisizo za kawaida zisiwe ndizo zinazofumbua fumbo. Hiyo ya tatu ina maana ya pekee kwetu, kwa kuwa mazungumzo ya uchawi na mizimu hayako mbali na vifo vya ghafla katika vijiji vyetu, na mwandishi mvivu anaweza kujificha humo. Aliyelishughulikia jambo hilo kwa ujasiri katika Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la mwaka 1957 hadi 1958 na kuchapishwa mwaka 1960, inaweka kifo mahali ambapo watu wanapaogopa kwa ajili ya mizimu, kisha Bwana Msa, mpelelezi wake mwenye kiko, anaifuata kesi kwa akili na hoja mpaka mwisho. Hofu ya watu imo kitabuni na inaheshimiwa kama hofu, lakini haiachiwi kutoa hukumu.

Namna ya kumpima mwandishi, basi, ni kuuliza kama alificha au alidanganya, na ili mwone tofauti nimetunga kipande kifupi ambacho mnaweza kukisoma kwa sauti kikundini:

"Mwenye duka alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya kaunta. Juu ya kaunta palikuwa na daftari la madeni lililofunguliwa, miwani yake, tochi iliyotolewa betri, kikombe cha chai chenye nzi, na bahasha nene ya pesa ambayo hakuna aliyeigusa. 'Hawakumwibia!' akasema mwenyekiti wa kijiji, na watu wote wakageuka kuitazama bahasha."

Kidokezo ni tochi. Nimeiweka ya tatu kati ya vitu vitano, kwa sababu msomaji hushika cha kwanza na cha mwisho. Nimeizungushia vitu ambavyo duka lolote linavyo. Na mara tu baada yake nimemfanya mwenyekiti apaze sauti kuhusu pesa, ili macho ya msomaji yaende pamoja na macho ya umati. Sikusema uongo hata mmoja. Sasa fikirieni kwamba sura tatu mbele jirani anawaambia polisi kwamba umeme ulikatika tangu magharibi, na kwamba saa nne usiku alimwona mwenye duka kwa dirisha, akizunguka dukani na tochi yake mkononi. Msomaji makini anasimama hapo. Tochi ipi?

Lakini msiishie hapo, kwa maana ndipo kanuni ya 1958 inapoanza kufanya kazi. Mmoja wenu atasema kwamba betri zingeweza kutolewa baada ya saa nne. Ni pingamizi la busara, na mwandishi mzuri atakuwa amelifunga mapema: katika sura ya pili, kwa maneno machache yanayoonekana kuwa ya kupitisha wakati, mtoto wa mwenye duka alizichukua betri alasiri akazitia katika redio ya bibi yake kabla ya taarifa ya habari, na hakuzirudisha. Mwingine atauliza habari za tochi ya simu. Basi mwandishi atakuwa ameonyesha kwamba simu ya marehemu ililala kwa fundi kwenye kituo cha biashara, ilikopelekwa kuchajiwa. Na hata hapo hatujamtia mtu hatiani, kwa sababu bado inawezekana kwamba jirani alimwona mtu mwingine mwenye tochi yake akadhani ni mwenye duka. Tulichothibitisha ni kwamba jirani anadanganya au muuaji alikuwa ndani saa nne. Lazima kidokezo kingine kichague kati ya hayo mawili. Mwandishi akituletea sura ya mwisho mtu aliyetoka Kampala ambaye hatukuwahi kumsikia, huyo ametudanganya, na mama yenu atakuwa amesema kweli. Akitupa jirani, na tukirudi nyuma tukakuta tochi, betri, redio na simu vyote viko mahali pake, basi tumefichwa kwa haki.

Kuna kitabu kimoja ambacho kiliwagawa wasomaji wa Uingereza kwa swali hilihili, The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie, kilichotoka mwaka 1926. Mwisho wake sitausema, kwa kuwa huenda baadhi yenu hamjakisoma na ningekuwa nawaibia. Nitasema tu kwamba walioudhika waliona wamechezewa, na waliokitetea, akiwemo mwandishi mwenzake Dorothy L. Sayers, walishikilia kwamba ni wajibu wa msomaji kumshuku kila mtu. Mimi nilipokisoma mara ya kwanza nilikasirika. Nilipokisoma mara ya pili nikiwa na penseli, nikipiga mstari chini ya kila sentensi niliyodhani ni ya uongo, nilimaliza bila kupata hata moja. Tangu hapo nimekuwa nikisema kwamba maoni ya kusoma mara moja juu ya riwaya ya fumbo ni nusu ya maoni. Riwaya nzuri ya aina hii huwa na hadithi mbili katika maneno yaleyale: ile unayoisoma ukiwa hujui, na ile unayoisoma ukiwa unajua. Isiyo na hadithi ya pili hukauka ukishajua jina, na hapo ndipo mzee wenu angekuwa na haki ya kusema kitabu hakifai, lakini kwa sababu hiyo, si kwa sababu alipatia. Mimi riwaya niliyoigundua mapema imenipa raha kubwa mara nyingi, kwa kuwa nilipata nafasi ya kumtazama muuaji akisema uongo huku nikijua ni uongo.

Kuhusu vijana nitasema kwa ufupi. Hawajakosea kupenda wanachokipenda; wamekosea kukidai kwa mtu ambaye hakukiahidi. Maduka yetu huziweka pamoja, na hata walimu huzifunga katika furushi moja la riwaya pendwa, lakini riwaya ya upelelezi na riwaya ya ujasusi ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza inauliza nani alifanya na tunajuaje. Ya pili mara nyingi inatuambia adui ni nani tangu mwanzo, na inatushikilia kwa kuuliza kama shujaa atafika kwa wakati na kama atatoka hai. Abdulla na Faraji Katalambulla, ambaye riwaya yake Simu ya Kifo ilitoka mwaka 1965, wako karibu na swali la kwanza. Elvis Musiba, aliyemleta jasusi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, yuko upande wa pili waziwazi, naye Ben Mtobwa, pamoja na shujaa wake Joram Kiango, huvuka mpaka huo anavyotaka. Wapeni vijana zamu ya kuchagua kitabu mwezi mmoja, na siku hiyo wazee wasimlaumu mwandishi kwa kukosa vidokezo. Muulizeni kama hatari ilikuwa ya kweli, kama shujaa alipata gharama yoyote, na kama adui alikuwa na akili.

Lalamiko la pili la mzee, la kwamba polisi wa vitabuni si polisi wa kweli, linahitaji kugawanywa. Yapo makosa ambayo fumbo halisimami juu yake, na yapo ambayo fumbo likiyategemea linaanguka. Inspekta anayefanya kila kitu peke yake, bila fomu, bila gari lililokosa mafuta na bila kusubiri majibu ya maabara ya serikali ya Wandegeya, ni kosa la aina ya kwanza. Kila mwandishi hulifanya, kwa kuwa msomaji hawezi kukaa na jalada la kesi miezi yote ambayo jalada hukaa, na kulilaumu ni kama kumlaumu mchoraji wa ramani kwa kutoonyesha kila mti. Lakini chukulia riwaya iliyowekwa Uganda ambayo mwisho wake wote ni maneno ya mtuhumiwa mbele ya koplo mmoja katika seli: "Ndiyo, nilimuua." Sheria yetu ya Ushahidi haikubali ungamo la mtu aliye mikononi mwa polisi isipokuwa limefanywa mbele ya ofisa wa cheo cha inspekta msaidizi au zaidi, au mbele ya hakimu. Mzee analijua hilo bila kufungua kitabu. Hapo lalamiko lake lina uzito kamili, tena lina uzito wa kifasihi, kwa sababu mwandishi anayemaliza kwa ungamo mara nyingi anafanya hivyo kwa kuwa vidokezo vyake havikutosha. Nikiona muuaji anaangua kilio na kukiri wakati ambapo angeweza kunyamaza na kwenda zake, huwa narudi nyuma kutafuta ushahidi, na mara nyingi siupati.

Ningependa pia mzee huyo awasaidie kuona kitu ambacho wengi hatukioni tunaposoma riwaya za nchi nyingine. Katika riwaya nyingi za Uingereza maiti hupatikana katika chumba kilichofungwa, polisi huitwa, na kila kitu husubiri mahali pake. Katika kijiji chetu, kabla askari hajafika, yowe limepigwa, mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, amefika, akina mama wamefika, watoto wamepenya katikati ya miguu ya watu, na mtu mwenye huruma amekwisha kumfunika marehemu kwa shuka na kumfumba macho. Nyayo zimekanyagwa. Alama za vidole zimefutwa kwa upendo. Mwandishi anayetaka kuweka fumbo mahali kama hapo hawezi kutegemea majivu ya sigara juu ya zulia. Lazima atafute ushahidi wa aina nyingine, na ninaamini kabisa kwamba uko mwingi. Upo katika maneno, maana kijijini kila mtu husema na kila mtu husikia. Upo katika daftari la madeni la duka, katika nani alikuja matangani na nani hakuja, katika ng'ombe aliyeuzwa siku isiyo ya mnada. Tangu pesa za simu zilipoingia nchini mwaka 2009 upo pia katika ujumbe mfupi unaoonyesha dakika ambayo mtu anayesema alikuwa amelala alimtumia mwingine shilingi. Mnapojadili riwaya yoyote iliyoandikwa na mtu wa kwetu, ulizeni kama ushahidi wake umeota katika udongo wa mahali pake au umeazimwa. Swali hilo mzee atalijibu vizuri kuliko mimi.

Umeuliza pia habari za heshima. Ugomvi mwingi niliouona katika vikundi vya wasomaji hautokani na maoni kutofautiana. Unatokana na mtu kutaja mwisho mbele ya asiyefika. Wekeni sheria moja isiyovunjwa: kabla ya chai mtu asiseme lolote la baada ya robo tatu ya kitabu, na asiyemaliza kusoma aruhusiwe kwenda zake baada ya chai bila kuulizwa sababu. Pia mwombe kila msemaji aanze na ukurasa kabla ya hukumu. "Ukurasa wa arobaini na mbili, pale anaposema hivi," kisha maoni yake. Utaona kwamba mtu anayeanza hivyo hana haja ya kupaza sauti, na anayempinga naye inabidi afungue ukurasa huohuo, kwa hiyo wote wawili wanatazama kitabu badala ya kutazamana.

Kwa mkutano wenu ujao ningechagua Mzimu wa Watu wa Kale, hata kama nusu yenu mliisoma shuleni, kwa sababu waliokwisha kuisoma watakuwa wakitafuta ile hadithi ya pili na wageni watakuwa na bahasha zao. Mpe mama yule penseli, apige mstari chini ya kila mahali anapoona Abdulla amesema uongo, na siku ya mkutano asome mistari hiyo kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kikundi kikijibu kama ni uongo au ni kuficha. Na kabla bahasha hazijafunguliwa, mwombe mzee asimame awaeleze wenzake, kwa mfano wowote wa kazini ambao haumtaji mtu, ni lini alimjua mhalifu kwa hakika moyoni mwake na faili lake likakataa kumuunga mkono. Mpeni nusu saa nzima, na vijana wakae karibu naye.